Nusu ya Kidonge

Kidonge changu nakimeza asubuhi nikishamaliza uji, kabla sijafungulia kuku. Ni kidogo mno. Kikikuangukia kwenye mkeka utakitafuta mpaka jua liwe kali. Nimeambiwa nikimeze miaka mitano, na wengine huongezewa. Kwa umri wangu mtu akikuahidi miaka mitano, unashukuru tu.

Nawaandikia nyie mnaokaa kwenye benchi la saruji la kliniki, hapo Mpanda, mkisubiri jina liitwe. Nesi Editha aliniomba nisimame niseme mbele yenu. Nikamwambia nikisimama nitalia, na mtu mzima akilia mbele ya wagonjwa anawaongezea ugonjwa. Bora niandike. Naitwa Godeliva, lakini hapa Katumba ukiuliza Godeliva watakuonyesha mwingine. Uliza Mama Jeneroza. Shule sikuenda, herufi nilifundishwa na katekista Sirili, Mungu amrehemu, kwa hiyo mtanivumilia.

Uvimbe niliuona naoga, wiki tulipotoa tumbaku ya mwisho kwenye bani la kukaushia. Mikono ilikuwa bado inanata utomvu, nikawa najisugua kwa majivu, kidole kikagota. Titi la kushoto, upande wa kwapa. Kitu kigumu kama harage lililolowekwa. Hakiumi. Nikasema ni kwa sababu ya kubeba fito, kitaondoka. Wala hakikuondoka. Nilikaa nacho kipindi chote cha kuchambua majani, nikavuna nacho mahindi, na kila nikioga nakiuliza: bado upo? Kipo. Kama kingeuma ningekwenda mapema. Hilo nataka mlijue: hakiumi, ndiyo ujanja wake.

Aliyenipeleka hospitali ni binti yangu Jeneroza. Alinikuta nimefunga kanga vibaya, akaona ngozi ya titi imeingia ndani, imefanya kishimo. Akaniuliza, "Mama, hiki nini?" Nikamjibu, "Uzee." Akasema, "Uzee wa titi moja?" Kesho yake tukawa kwenye pikipiki, mimi katikati, tunakwenda Mpanda.

Ya mwanzo sitayarefusha, mengi mnayajua. Wakakata kinyama, wakakiweka kwenye kichupa chenye maji ya dawa, kikapelekwa Mwanza, nasi tukakaa kusubiri. Halafu tukaenda wenyewe. Kiangazi kile chote nilikuwa mtu wa Mwanza. Dripu sita za dawa kali ya saratani, kila baada ya wiki tatu. Kule kwenye benchi nilikuwa na Kabula, Msukuma wa Majimoto, aliyeacha ng'ombe wakiwa na homa na kila siku anawaulizia kwa simu kabla hajawaulizia watoto. Nilikuwa na Mama Nkamba wa Sibwesa, ambaye hakuwahi kuonja chakula cha hospitali bila kukisema vibaya, na akishakisema anakimaliza chote. Nilikuwa na Hadija, msichana mdogo, hakufika miaka thelathini. Hadija amefariki. Namtaja kwa sababu alinipa kofia yake ya sufu siku nywele zangu zilipobaki kwenye mto, nami nikaitunza.

Mvua za kwanza zikanyesha nikiwa kitandani, wamekwisha kunitoa titi.

Kabla ya kuniruhusu, Daktari Mwombeki aliniita mimi na Jeneroza. Ni mtu mpole, anaongea huku akichora kwenye karatasi. Alisema uvimbe wangu ulipimwa kitu kinaitwa vipokezi. Nikamwambia, "Daktari, sema kama unavyomwambia mama yako." Akacheka. Akasema kila seli ya uvimbe wangu ina mahali pa kupokea homoni, ile inayotufanya wanawake. Homoni ikija inakaa pale, na ikishakaa, uvimbe unapata nguvu ya kukua.

"Lakini mimi nimezeeka," nikasema. "Homoni inatoka wapi?"

"Bado ipo kidogo, bibi. Inatosha."

Akasema kidonge nitakachopewa kinakwenda kukaa pale kwanza. Homoni ikija inakuta mahali pamekaliwa.

Hapo nikaelewa. Ni kama vigoda msibani. Ukichelewa ukakuta vyote vina watu, utazunguka, utarudi kwenu. Nilipomwambia hivyo daktari aliandika maneno yangu pembeni ya karatasi yake. Akaniambia, "Basi kila siku hakikisha kigoda kina mtu. Usiruke hata siku moja." Nikasema ndiyo daktari. Nilimwitikia ndiyo, na nilikuwa na nia njema kabisa.

Sasa niwaambie juu ya Daforoza.

Daforoza, Mama Filbert, ni jirani yangu, kiwanja kwa kiwanja, tangu tulipoletwa hapa tukitoka Burundi, bado wasichana, hapa pakiwa msitu mtupu, usiku unasikia fisi anakohoa nyuma ya turubai. Posho ikigawiwa, yule aliyepata anamkatia mwenzake. Hatukuwahi kukubaliana kwa maneno. Ndivyo ilivyokuwa kwa watu wengi tuliokuja mwaka ule. Kitu kilichoingia kwangu kimeingia na kwake: chumvi, sabuni, kipande cha kitenge. Mtu aliyekula peke yake alisemwa mpaka watoto wake wakajua.

Na dawa tuligawana. Jeneroza na Filbert walizaliwa mvua moja. Kabla hawajaanza kutembea wote wawili walishikwa na homa juma moja, na mganga wa zahanati, Bwana Laurenti, alibakiwa na vidonge vya mtoto mmoja tu, navyo nilivipata mimi kwa sababu nilitangulia kufika. Nilirudi nyumbani nikavikata. Nusu kwa Jeneroza, nusu kwa Filbert. Wote wakapona. Leo Filbert ana watoto saba, anauza mpunga Majimoto. Tangu siku ile Daforoza hajawahi kuniita jina langu bila kuongeza "mzazi mwenzangu".

Basi mwaka uliofuata ule wa dripu zangu, tukiwa barazani kwake tunapukuchua mahindi, Daforoza akasema, "Mzazi mwenzangu, lete mkono."

Akauchukua mkono wangu akauweka kifuani kwake, ndani ya blauzi. Kilikuwa kikubwa kuliko changu. Kama yai la kwale.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu ulipokuwa Mwanza."

"Twende hospitali."

"Siendi. Wewe ulikwenda nikakuona uliporudi. Hukuwa na nyusi. Ulikuwa unatembea kama umebeba maji kichwani." Akaendelea kupukuchua. "Mimi sikatwi, Godeliva. Una vidonge. Nigawie."

Nikasita kidogo. Nasema ukweli, kidogo tu. Kisha nikawaza: ugonjwa ni huu huu, mahali ni pale pale, titi ni titi. Dawa inayoniponya mimi itamwachaje yeye? Akaniapisha kwa jina la Filbert kwamba sitamwambia mtu, si Jeneroza, si padri, si mzee wake Bonifasi. Nikaapa.

Kila asubuhi nikawa nakata kidonge kwa wembe, juu ya mfuniko wa sufuria. Nusu yangu nakunywa na uji. Nusu yake naifunga kwenye kipande cha karatasi ya daftari, namrushia juu ya wigo wa minyaa, naye anakohoa kunionyesha ameipata. Tulicheka kama watoto walioiba sukari. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nilijisikia, nisiwafiche, kama siku ile ya kina Jeneroza.

Miezi mitano tulifanya hivyo. Joto lile la ghafla, ambalo kidonge kilikuwa kinaniletea mpaka navua kitambaa kanisani, likapungua. Nikadhani mwili umezoea. Kwa Daforoza yai la kwale likawa yai la kuku. Nikimuuliza anasema, "Dawa inalikusanya ili ilitoe." Nami nikaitikia. Watu wawili wazima. Halafu akaanza kujifunga kanga mbili hata wakati wa jua, na siku moja tumekaa karibu kwenye sala ya jumuiya nikasikia harufu inatoka kwake. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni mpaka moto ukazima.

Juma lile lile nilikuwa na siku ya kliniki Mpanda. Nesi Editha alikuwa mezani kwake, ana ile miwani yake iliyofungwa uzi.

"Bibi Godeliva, karibu. Vidonge unameza kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Sijaruka nusu yangu hata siku moja."

Kalamu ikasimama. "Nusu yako?"

Nikajua limenitoka.

"Bibi, nusu yako ni nini?"

"Nusu… ya kidonge."

"Na nusu nyingine anayo nani?"

Nikaanza kukunja ncha ya kanga. Jeneroza alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wa ndizi. Nesi Editha akainuka, akafunga mlango, akarudi akakaa upande wangu wa meza. Hakunikaripia. Kama angenikaripia ningepata pa kujificha.

"Kuna mtu ana uvimbe," akasema. "Sitaki jina. Niambie tu, amepimwa?"

"Ugonjwa ni huu huu kama wangu."

"Nani amesema?"

"Si upo kwenye titi?"

Akanishika mkono. "Bibi, sikiliza. Wewe uvimbe wako ulikuwa na vile vigoda vyako. Ulinieleza mwenyewe, hapa hapa, nikacheka. Wapo wanawake uvimbe wao hauna hata kigoda kimoja. Kidonge kikifika hakina pa kukaa. Kinapita tu. Uvimbe unakula kwa njia nyingine kabisa, na unakwenda mbio."

"Wake unacho au hauna?"

"Sijui. Wala wewe hujui. Hujui mpaka upimwe. Na wewe mwenyewe, kwa nusu, vigoda vingine umeviacha wazi." Kisha akanipapasa shingo na kwapa, kama wanavyofanya siku zote, na vidole vyake vikasimama kwapani. Akarudia. Akasema, "Nitamwita daktari aone hapa." Nikauona uso wa Jeneroza.

Lakini mimi kwapa langu sikulijali. Nisiwadanganye kwamba mimi ni mtakatifu, ni kwamba kichwa kilikuwa kimejaa kitu kimoja: ile kanga ya pili ya Daforoza.

Wakati wa kurudi, tulipofika njia panda, Jeneroza akateremka, akasema tu, "Ni Mama Filbert, eti?" Niliapa nisimwambie mtu. Sikumwambia. Nilitazama chini. Akasema, "Nyie wazee nyie," akalia.

Nikaenda moja kwa moja kwa Daforoza, na vumbi la njia miguuni. Alikuwa anachambua maharage. Nikamweleza kama nilivyoelezwa, vigoda na yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kuinua macho:

"Kumbe ndiyo hivyo. Umechoka kunigawia."

"Daforoza!"

"Sema tu. Umefika mjini wamekuambia kidonge kizima kinakufaa zaidi, sasa umekuja na hadithi ya vigoda. Uchoyo umekupata uzeeni, Godeliva. Sikutegemea."

Nimeitwa mkimbizi, nimeitwa mjane, sokoni watoto waliniita kipara wakati sina nywele. Hakuna jina lililonichoma kama lile. Nilitaka kuondoka. Nilifika mpaka kwenye minyaa. Nikageuka.

"Unaogopa kukatwa," nikamwambia.

"Ndiyo naogopa! Wewe tangu urudi hujawahi kuoga na mimi. Miaka yote mtoni tumeoga pamoja, tumesuguana migongo. Umerudi, unaoga ndani kwa beseni, umefunga mlango. Wamekufanya nini huko? Kitu gani kibaya hivyo ambacho hata mimi siwezi kukiona?"

Hapo ndipo nilipogundua kosa langu la kwanza, lililotangulia lile la kidonge. Kila asubuhi nilikuwa nakunja kitenge nakiingiza kwenye sidiria, nakilainisha, watu wasijue. Nilidhani najisitiri. Kumbe nilimwachia mwenzangu shimo, naye akalijaza kwa kila kitisho anachokijua.

Nikaingia ndani kwake. Nikavua blauzi. Nikavua sidiria na kile kitenge kikaanguka chini. Nikamwita aje.

Alijipangusa mikono kwa kanga. Kisha akaja akaweka kiganja pale, kwenye kovu. Ni mstari tu, umelala kutoka katikati ya kifua kwenda kwapani, ngozi imekaza kidogo. Akaufuata na kidole, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayesoma.

"Panauma?"

"Pana ganzi. Mvua ikitaka kunyesha panawasha."

"Ni hiki tu?"

"Ni hiki tu."

"Mana yanje, Mungu wangu," akasema. "Nilidhani wanachimba." Akaanza kucheka, nami nikacheka, niko uchi mpaka kiunoni, na Mzee Bonifasi akachungulia kuona kuna nini akakimbia. Tulipotulia, Daforoza akaifungua kanga ya pili, kisha ya kwanza, akanionyesha. Sitaeleza nilichokiona. Nilimwambia, "Kesho asubuhi." Akasema, "Ego," ndiyo ya Kirundi.

Kesho yake tulikuwa wawili kwenye benchi la saruji. Daktari alitukata vinyama siku moja, yeye titini, mimi kwapani. Niliuliza kwa nini mimi nikatwe tena wakati vipokezi vyangu vinajulikana. Daktari akasema havikai vilevile. Mwili wenyewe huviongeza na kuvipunguza, na uvimbe ukirudi unaweza kurudi na vichache, au bila hata kimoja, na hapo dawa yake ni nyingine. Ndiyo maana hawakisii. Vichupa viwili wakaviandika majina, wakaviweka kwenye kisanduku kimoja. Daforoza akavitazama, akasema, "Hata huku tumepangwa pamoja."

Mvua zikachanganya. Watu wanapanda, sisi tunasubiri simu. Kusubiri mnakujua. Ukisikia simu ya jirani inaita unakimbilia kutazama ya kwako. Nilikuwa nameza kidonge kizima sasa, na lile joto likarudi, nikalifurahia kama mgeni niliyemfukuza akarudi bila kinyongo. Sikukumbuka kuombea kwapa langu. Kila nikipiga magoti nilisema: huyu naye awe navyo. Vichache tu. Awe na mahali.

Majibu yalikuja siku moja. Nesi Editha alitaka kutusomea mmoja mmoja, lakini Daforoza alisema tuingie wote.

Wangu ulikuwa ni ule ule umerudi, kwenye kitezi kimoja cha kwapani. Vipokezi vimepungua kuliko mwanzo, lakini vipo vya kutosha. Watakitoa, watanibadilishia kidonge, kiwe kile kinachozuia homoni yenyewe isitengenezwe. Niliuliza kama ni ile nusu iliyoniletea. Daktari, aliyekuwa amesimama pembeni ya nesi, akasema hawezi kuapa hivyo, na hawezi kuapa kinyume chake.

Daforoza hakuwa na hata kimoja.

Nesi alieleza taratibu: ile nusu yote ya miezi mitano haikuugusa uvimbe wake. Haikumdhuru sana, haikumsaidia kabisa. Kilichomdhuru ni miezi yenyewe. Sasa ni dripu, haraka, kisha operesheni. Ingekuwa vizuri angekuja wakati wa mahindi.

Wakati wa mahindi. Ndipo alipouchukua mkono wangu.

Tukatoka nje. Nilitaka kumshika, akajivuta. Hakunitukana, na kwa muda wa majuma mengi hakunisemesha neno. Filbert alitoka Majimoto akampeleka Mwanza. Aliporudi kutoka dripu ya kwanza nilipika uji wa ulezi nikampelekea, Bonifasi akaupokea mlangoni. Dripu ya pili, hivyo hivyo. Bakuli likirudi limeoshwa, hakuna salamu. Jeneroza aliniambia, "Mpe muda, Mama." Nilimwambia muda ndicho kitu nilichomnyang'anya, nitampaje tena? Hatukuzungumza vizuri siku hiyo. Na yeye alikuwa amechoka, bani lake lile la tumbaku mwaka ule lilikaa tupu kwa ajili yangu, na mume wake alikuwa hasemi lakini sufuria anaziweka chini kwa kishindo. Ugonjwa mmoja unalala nyumba tatu.

Baada ya dripu ya tatu, asubuhi, nikasikia mtu anakohoa nyuma ya minyaa. Kikohozi kile kile. Nikatoka.

Daforoza alikuwa amesimama, kitambaa mkononi, kichwani nywele zimebaki kama nyasi za shamba lililoliwa na mbuzi.

"Zinanikera," akasema. "Una ule wembe wako?"

"Upi?"

"Unaujua upi. Wa kugawia."

Nikaenda kuuleta. Nilipokuwa natafuta nikaangusha mfuniko. Nikachemsha maji, nikauchemsha wembe, nikamkalisha kwenye kigoda, nikampaka sabuni. Nilimnyoa polepole. Kichwa chake kina kovu dogo nyuma, la kuanguka siku tunavuka mto kuja Tanzania. Nilikuwa nimelisahau.

"Mzazi mwenzangu," akasema nikiwa nyuma yake, na niliposikia jina hilo ilibidi ninyanyue wembe nisimkate. "Nilikuwa na hasira na wewe. Bado ninayo, usifikiri imekwisha."

"Najua."

"Lakini nimekaa nimewaza. Ungeninyima siku ile ya mahindi, nisingekusamehe mpaka kaburini. Ulinipa, na bado nimekasirika. Sasa ulitakiwa ufanyeje, wewe mama?"

"Nilitakiwa nikushike mkono nikuburute."

"Ungenishinda? Mimi?"

"Hapana."

"Basi nyoa."

Nilimaliza, nikampa ile kofia ya Hadija. Ilimkaa vizuri kuliko mimi.

Alifanyiwa operesheni kiangazi, maembe hayajatoa maua. Mwaka umepita na zaidi. Mara ya mwisho walipompima hawakuona kitu, na wakamwambia arudi tukishapanda vitalu vya tumbaku. Hatujui watasema nini. Kwa ugonjwa wa aina yake hakuna kidonge cha kumeza nyumbani, ni kupimwa na kungoja, na hilo linamuudhi sana. Anasema mimi nina silaha na yeye amebaki na rozari.

Nyie mlioko kwenye benchi, mimi si daktari. Nawaambia tu: mkipewa karatasi yenye majibu ya vipokezi, ulizeni mpaka muelewe, hata mkimchosha mtu. Ya kwako ni ya kwako. Usiikate. Na mwenzako akikuonyesha uvimbe, usimpe kitu, mpe kovu lako alishike, halafu panda naye pikipiki.

Daforoza huja kila asubuhi, jua likigusa minyaa. Siku hizi hakohoi nje, anaingia moja kwa moja. Ananisalimu, "Amahoro," anavuta kigoda, anakaa mbele yangu na fimbo yake katikati ya magoti.

"Kiko wapi?"

Namwonyesha kiganjani. Anainama anakikagua.

"Kizima?"

"Kizima."

"Meza."

Nameza.

"Fungua mdomo. Inua ulimi." Anachungulia ndani kama anayenunua ng'ombe. "Haya. Kimekwenda kukaa." Hiki kipya hakikai kigodani, kinazuia wageni wasije, lakini yeye husema vile vile.

Kisha anageukia sufuria na kuuliza kama leo nimepika viazi au nimepika maneno. Nakitoa kiazi kikubwa, kinafuka moshi, nakiweka juu ya mfuniko, nakikata katikati. Kipande kikubwa anakichukua yeye.